Pikipiki Nyepesi ya Mama Sindano

Watu wa ofisi ya mifugo walipompa jina la Mama Sindano walidhani wanamtania. Yeye alilipokea kama alivyopokea kila kitu cha ofisi ile, kwa vidole viwili. Alikuwa amechanja ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo aliwaona wakubwa saba wakija na sita wakiondoka, kila mmoja na mkoba wake na mpango wake wa kuleta mabadiliko. Wa kwanza aliamini madaftari. Wa tatu aliamini semina. Wa nne hakuamini chochote, na huyo ndiye aliyepatana naye. Wa saba, huyu waliyemwita Bwana Mratibu, aliamini pikipiki.

Sasa, kumfundisha Mama Sindano mambo ya pikipiki ilikuwa ni kumfundisha samaki kuogelea. Yake ilikuwa moja ya zile ndefu na nyembamba, zenye tairi za meno na bomba la moshi lililopandishwa juu ubavuni ili lisinywe maji, zile zinazokwenda lami na porini bila kuuliza maswali. Ofisi ilikuwa nazo sita. Tano zilikufa mikononi mwa wanaume waliozipakia magunia ya mkaa, mashemeji wawili wawili, na siku moja kitanda cha futi tano pamoja na godoro lake. Ya sita ilipona kwa sababu alipewa mwanamke, na mwanamke huyo hakuwa mtu wa kuazimisha. Ofisi ilipoamua kuziuza zote kama vyuma chakavu, aliinunua ya kwake, akanunua na mzoga mmoja wa kutolea vipuri, akaendelea na kazi ileile kwa chombo chake mwenyewe. Ofisi ikabaki na jukumu la kumpa mafuta na ushauri. Mafuta yalikuwa yanachelewa.

Hakuwa mrefu. Kiti cha pikipiki ile kilimfika mbavuni, na miguu yake miwili haikuwahi kugusa chini kwa pamoja hata siku moja. Alipotaka kusimama aliteleza nusu ya kalio upande wa kushoto, mguu mmoja ukafika, na ukitosha mguu mmoja, wa pili wa nini? Mama mkwe wake alipomwona mara ya kwanza juu ya chombo hicho alifumba macho, akauliza kama nyumba hiyo haina tena wanaume. Mume wake, fundi cherehani, mtu mpole asiyependa hata kupanda ngazi, alijibu kwamba wanaume wapo, ila wanaogopa kuanguka. Tangu siku hiyo aliita pikipiki ile "mume mwenzangu", na jioni akisikia inaingia uani huwa anasema, "Wamerudi wote wawili, tuleteeni chakula."

Mama Sindano alikuwa na sheria moja tu ya pikipiki, na aliitoa kwa yeyote, aulizwe asiulizwe. Pikipiki usiyoweza kuiinua peke yako si yako, umekodishwa. Kila baada ya miezi michache aliilaza ya kwake pale uani makusudi, akaipa mgongo, akashika usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mwingine, akasukuma kwa mapaja hadi ikasimama. Majirani walicheka. Yeye aliwaza kwamba majirani hao hawajawahi kuwa peke yao kwenye korongo, pikipiki juu ya mguu, na mtu wa karibu yuko umbali wa nusu siku. Kwa ajili hiyo aliondoa kila kitu kisichochanja ng'ombe: vifuniko vya pembeni, taa za kukonyeza, kioo kimoja kati ya viwili. Kilichobaki ni injini, tairi, na keria ya kufungia sanduku la barafu.

Sanduku hilo ndilo lililokuwa heshima yake. Chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe ni kitu cha deko. Ikipata joto inakufa, na ikifa haibadiliki rangi wala harufu. Unaweza kuidunga dozi mia, ng'ombe mia wakaondoka na matundu ya sindano na si kingine. Wachanjaji wengi waliishi vizuri tu na siri hiyo. Mama Sindano hakuwahi. Alifunga sanduku lake la plastiki nene kwa mipira ya tairi, akalifunika gunia lenye maji, na njiani alisimama kila kwenye kivuli kuangalia kipimajoto. Miaka kumi na tisa, hakuharibu hata chupa moja. Wafugaji walilijua hilo, na walipomwona anashuka kilimani waliwaleta wanyama bila kubishana. Wifi yake, dada wa mumewe, aliyeolewa kwa wafugaji na kufiwa na mume huko, aliwaambia wenzake mapema kabisa, "Huyu akikuambia amechanja, amechanja."

Basi akaja Bwana Mratibu, na baada ya mwezi ikaja pikipiki yake.

Ilikuwa ya jamii ileile, mpya, nyepesi, inapendeza. Laiti angeiacha ilivyozaliwa. Wiki ya kwanza aliifunga vyuma vya kukinga injini. Wiki ya pili ikaota kioo cha upepo na taa tatu za ziada, yeye ambaye saa kumi na moja jioni huwa yuko nyumbani amevaa kandambili. Kisha yakaja masanduku mawili ya chuma yenye kufuli, moja kila ubavu, madumu mawili ya mafuta, koleo la kukunja, kamba, na hema. Naye mwenyewe akavaa kulingana: viatu vya kufika magotini, ngao za viwiko, glavu zenye mifupa ya plastiki. Kutoka nyumbani kwake hadi ofisini ni lami tupu, dakika kumi, na kati yake kuna duka la vitabu na kituo cha polisi.

"Huyu anakuja kazini au anahama?" Mama Sindano alimuuliza askari wa getini.

"Anasema ni maandalizi, mama."

"Maandalizi ya nini? Amenunua mbuzi, akamgeuza punda."

Askari alicheka hadi akaegemea geti, na mama wa chai wa ofisi akalibeba neno hilo kwenye sinia pamoja na vikombe, kutoka chumba hadi chumba. Mchana wake lilikuwa limemfikia Bwana Mratibu. Basi kwenye kikao cha Ijumaa, mbele ya watu kumi na wawili, alisema kwamba ofisi itaachana na mambo ya kale, masanduku ya kufungwa kwa mipira kama mizigo ya wakimbizi, na watu wanaodhani uzoefu ni elimu. Watu kumi na mmoja walitazama meza. Mama Sindano alimtazama yeye, na akamweka mahali fulani moyoni, mahali ambapo huwa hasahau.

Mwezi huohuo habari ilifika kwamba homa ya mapafu imeonekana ng'ambo ya mto mkavu, kwenye malisho ambayo wafugaji huhamia kiangazi kikishika. Huku upande wa pili nyasi zilikuwa zimekwisha. Wangevuka, wapende wasipende, na wakivuka bila chanjo wangekuwa wanapeleka ng'ombe wao machinjioni kwa miguu yao wenyewe. Ikapangwa siku moja: wote wakusanyike kwenye kivuko na wanyama wao, wachanjwe, kesho yake wavuke. Chupa ishirini na nne zilikuwepo. Nyingine zingekuja baada ya wiki mbili, kama zingekuja. Wifi alituma ujumbe kwamba yuko njiani na ng'ombe wake tisa, safari ya siku mbili, na kwamba amewaambia watu wasiwe na wasiwasi, anayekuja ni mke wa kaka yake.

Asubuhi ya siku hiyo Mama Sindano alifika ofisini na kumkuta Bwana Mratibu amevaa ngao zake zote, kamera shingoni.

"Leo tunakwenda wote, mama. Ripoti inahitaji picha."

"Karibu, bosi. Njia ni mbaya kidogo."

"Ndiyo maana nimejiandaa." Akafungua sanduku la chuma la upande wa kulia. Ndani alikuwa amelitandika sponji la godoro. "Chanjo inakaa huku. Salama, ina kufuli, na kwenye picha itaonekana kazi ya kisasa."

Mama Sindano alichuchumaa kuangalia. Sanduku lilikaa vidole viwili kutoka kwenye bomba la moshi. Chini yake rangi ilikuwa imeshaanza kuvimba na kugeuka kahawia, na hiyo ni kwa safari za dakika kumi tu. Mtoto mdogo angeona. Alifungua mdomo aseme, na wakati huohuo Bwana Mratibu akamgeukia askari wa getini, akasema kwa sauti ya kutosha watu wawili zaidi, "Unaona, mama anakagua. Watu wa zamani hawaamini mpaka washike."

Mama Sindano akafunga mdomo.

Alipiga hesabu yake akiwa bado amechuchumaa. Hadi kivukoni ni saa mbili. Kwa saa mbili barafu ingeyeyuka lakini maji yangebaki baridi, chupa zingepona. Wangefika, sanduku lingefunguliwa mbele ya wafugaji wote, maji yangemwagika kwenye viatu vile vya magotini, na yeye angetoa chupa moja baada ya nyingine, polepole, huku anauliza kama hii ndiyo kazi ya kisasa. Kalikoroga, atalinywa. Alimpangia chupa mwenyewe kwa mkono wake, akaziwekea barafu, akatia kipimajoto katikati. Kisha akafunga sanduku lake la plastiki kwenye keria yake, nalo limejaa barafu.

"La nini hilo?" aliuliza Bwana Mratibu.

"Maji ya kunywa, bosi."

Kwenye lami mtu yule alikuwa shujaa. Aliongoza mbele, taa zote tatu zinawaka juani, na kila alipopita watu alipiga honi. Kwenye changarawe akaacha kupiga honi. Pale njia ilipoingia kwenye vumbi laini la kina cha kiganja, usukani ulianza kumchezea, akafanya anachofanya kila asiyejua, akakamata breki ya mbele. Pikipiki ikalala, naye akalala nayo.

Mama Sindano alisimamisha yake, akaegemeza, akaja bila haraka. Walijaribu kuiinua. Na madumu, na hema, na koleo, ilikuwa haiinuliki. Ilibidi wafungue mizigo yote, wainue, wafunge upya, na Bwana Mratibu hakujua mafundo ya kamba zake mwenyewe. Robo tatu ya saa ilikwenda hapo. Mama Sindano alipitisha kiganja karibu na sanduku la kulia na kuhisi joto likimpanda. Sanduku lake la plastiki lilikuwa hatua sita kutoka hapo, baridi, na nafasi ilikuwepo. Kuhamisha chupa zote ishirini na nne ni kazi ya dakika tatu.

Aombe mwenyewe, aliwaza. Aseme tu, mama, nimekosea, nisaidie.

Bwana Mratibu hakuomba. Angeomba nini, wakati hakujua kwamba kuna kitu kinaungua. Alikung'uta magoti, akasema barabara za nchi hii ni aibu.

Alianguka tena kwenye mawe, akakunja klachi. Wakainyoosha kwa jiwe. Akaanguka mara ya tatu kwenye mkono wa mto, katikati ya mchanga, na hapo hakuanguka hasa, alizama: tairi la nyuma lilichimba hadi mhimili, pikipiki ikabaki imesimama yenyewe, na mwenyewe amekaa juu yake akinguruma na moshi, haendi mbele wala nyuma. Na kila aliponguruma lile bomba lilizidi kuiva. Mama Sindano alivuka mchanga ule amesimama juu ya vikanyagio, gia ya pili, bila kugusa breki, akazima injini upande wa pili, akakaa kwenye kivuli kumtazama akichimba kwa lile koleo lake la kukunja. Koleo lilikunjika. Kwa kweli, hakuwahi kuwa na asubuhi tamu kiasi hicho tangu aajiriwe. Alikunywa maji. Aliwaza jinsi atakavyomsimulia mumewe, na wapi pa kusita ili acheke.

"Chanjo iko salama, bosi?" alimuuliza kwa mbali.

"Salama kabisa. Ina kufuli."

Akaridhika na jibu hilo.

Walifika kivukoni baada ya saa tano. Ng'ombe karibu mia tatu walikuwa wamesimama juani tangu alfajiri, wamebanwa kwenye boma la miti, na wafugaji wamekaa pembeni kimya, kama watu wanaojua wanachosubiri. Wifi alisimama mara tu aliposikia mlio wa pikipiki. Vumbi la siku mbili lilikuwa limemshika hadi kwenye nyusi. Alimpokea Mama Sindano kwa mikono miwili.

"Nikawaambia umepata pancha. Nikawaambia huyu hawezi kukosa."

"Njia, wifi. Na mgeni."

"Pole. Haya, ng'ombe wamechoka. Tuanze na wa nani?"

Bwana Mratibu alikuwa ameshatoa kamera, anamwelekeza mtu mmoja jinsi ya kumpiga picha. Alifungua kufuli kwa madaha. Mama Sindano alisogea, na hata kabla mfuniko haujafunguka vizuri mvuke wa joto ulimgonga usoni. Alitia mkono. Hakukuwa na barafu. Kulikuwa na maji, na maji yale ungeweza kumwogeshea mtoto mchanga. Sponji la upande wa bomba lilikuwa limeungua na kunata kwenye chuma. Alikitoa kipimajoto, akakisoma, akakifuta kwa kanga yake, akakisoma tena. Kisha akashika chupa moja juu ya jua. Ilikuwa safi, nzuri, haina tofauti yoyote na chupa nzima.

"Kuna shida?" Bwana Mratibu alinong'ona.

"Imekufa."

"Yote?"

"Yote."

Bwana Mratibu aliangalia ng'ombe, akaangalia watu, akamsogelea karibu zaidi. "Dawa ni dawa, mama. Tudunge tu. Nani atajua?"

Mama Sindano alimtazama. Alikuwa na maneno kumi ya kumwambia, yote makali, yote ameyaandaa tangu kile kikao cha Ijumaa, na akagundua kwamba hayana pa kukaa. Mtu huyu alikuwa mjinga. Mjinga aliweka chanjo kwenye moto kwa sababu hakujua. Yeye alijua. Alijua ofisini amechuchumaa, alijua kwenye vumbi, alijua kwenye mawe, na pale mtoni alikaa kivulini akinywa maji baridi kutoka kwenye sanduku ambalo lingeziokoa zote.

Aligeuka. Wifi alikuwa amesimama palepale, kamba ya ng'ombe wa kwanza mkononi.

"Imeharibika, wifi. Imepata joto. Siwezi kuidunga."

Minong'ono ilipita kwa wafugaji. Mzee mmoja alitema mate, akaita watu wake. Wifi hakusogea.

"Nani kaiharibu?"

Watu walimtazama Bwana Mratibu, na Bwana Mratibu alitazama viatu vyake. Ilikuwa rahisi kabisa. Sanduku lilikuwa lake, kufuli lake, sponji lake limeungua mbele ya macho ya watu. Hakuna ambaye angeuliza zaidi.

"Mimi," alisema Mama Sindano. "Sanduku ni lake. Lakini niliona tangu asubuhi kwamba litaungua. Nikanyamaza."

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Nilitaka aone aibu."

Wifi alimtazama Bwana Mratibu kwa muda, kutoka kwenye viatu hadi kwenye kamera. Bwana yule alikuwa ameshainama, anafuta mchanga kwenye kioo cha taa kwa ncha ya glavu.

"Ameiona?"

Nyuma yao watu walikuwa wameanza kuwatoa ng'ombe bomani, na wa mbele walishaelekezwa kwenye kivuko.

"Wifi, wewe usivuke," alisema Mama Sindano. "Nisikilize. Zile nyingine zinakuja. Nitazileta mwenyewe, nitakuja peke yangu. Wazuie hawa tisa hapa hapa."

"Hadi lini?"

"Wiki mbili."

Wifi alitazama chini. Ardhi ilikuwa nyeupe, na kulikuwa hakuna hata jani kavu. Alimlegezea kamba ng'ombe wa kwanza, akampiga kofi dogo mgongoni aondoke.

"Wiki mbili wale nini, wifi yangu? Aibu ya huyo bwana?"

Kisha akawafuata wenzake, na ng'ombe tisa mbele yake.